Kidole Ndani ya Bomba

Dukani kwa Zundui, mjini Dalanzadgad,
machujio ya hewa yamepangwa kama mikate:
ya duara, ya pembe nne,
mengine marefu kama ndoo isiyo na kitako.
Nje upepo wa Gobi unasukuma mlango
kama mtu aliyekuja kudai.

Nimeshika mawili, moja kila mkono.
La kushoto jeupe pe, nembo inameremeta,
bei yake ya kumfurahisha mume wangu.
La kulia rangi ya karatasi ya kufungia nyama,
bei mara tatu, na boksi limebonyea.

"Weupe si kazi," anasema Zundui
bila kuinua macho kwenye chai yake ya maziwa na chumvi.
"Lete hapa kwenye taa."

Tukalimulika la kushoto.
Hapa mwanga ulipita wote kwa mkupuo,
pale haukupita kabisa;
mikunjo imelaliana kama kondoo wenye baridi,
na pembeni, gundi ilipoishia njiani,
tundu. La kupitisha uzi tu.
"Hiyo ndiyo barabara kuu," akasema.
"Vumbi halina haraka, ila mlango halikosi."

Akanigeuzia la kulia.
"Bonyeza mpira wa ukingoni. Kwa dole gumba. Achia."
Ulirudi taratibu, kama unga uliokubali hamira.
"Usiorudi ni plastiki iliyojivika mpira.
Sasa tanua mikunjo."
Ilikuwa imesimama, kila mmoja na nafasi yake,
meno ya kitana kipya.

Nikamwuliza habari za lile la pamba,
la kupaka mafuta, la kufua na kurudisha,
analolisifu Batsukh mpaka mate yanamruka.
Zundui alicheka puani.
"Batsukh anaendesha kwenye lami.
Wewe unapeleka makaa ya mawe mpakani,
mbele yako malori mia,
na kila lori linakuachia lake.
Pamba ile inairuhusu injini ivute vizuri, sikatai.
Inaruhusu na mengine."
Akapiga funda. "Halafu uache kulipuliza kwa kompresa.
Unalitoboa huku ukijisifu usafi.
Likikabwa, badilisha."

Nilinyamaza. Alijua.
Mwaka juzi nililipenda la bei ya chini,
turbo ikatafunwa mapanga yake
kama kucha za mtu mwenye wasiwasi,
nikalala siku mbili jangwani ndani ya kebini,
nikiirudia hesabu ya kile nilichookoa.

Nikalipa. Noti nilizihesabu mara mbili,
si kwa kuogopa kukosea,
kwa kuagana nazo.

Kilomita elfu mbili baadaye
nililegeza bomba upande wa pili wa chujio,
nikaingiza kidole alivyoniagiza,
nikakizungusha kama anayekomba sufuria.
Kilitoka safi.
Nilikitazama juani, nikakinusa hata.
Lori langu, nikajiambia, linavuta hewa
ambayo waziri mwenyewe haipati.

Nyumba yetu iko mita arobaini kutoka njia ya makaa.
Nilipoingia, Temuulen, mwenye miaka sita,
alikuwa ameliandika jina lake juu ya friji,
kwa kidole, herufi zote,
pamoja na ile inayomshinda shuleni.
Pale nilifuta jana. Nilifuta na juzi.
Akakohoa kidogo, akacheka,
akaninyooshea kidole nione kazi yake:
ncha nyeusi tii.

Nikaweka changu kando ya chake.

Kitambaa kiko mkononi, sijafuta bado;
jina limekaa vizuri, sina moyo.
Zundui anafungua saa mbili asubuhi.
Nitamwuliza,
ingawa najua ataikodolea macho chai yake,
kama ana la saizi ya dirisha.